Nyota Inayorudi na Nyota Inayongojwa

Jumatano

Soma 2 Petro 3:3–9 na Mathayo 24:36–44. Wanaongoja katika mafungu haya wanakabiliwa na majaribu gani?

Mwaka 1682 Edmond Halley wa Uingereza aliona nyota yenye mkia, ambayo wataalamu huiita kometi. Alipopekua kumbukumbu za kale alikuta kwamba njia yake inafanana na ya zile zilizoonekana mwaka 1531 na 1607. Akahitimisha kwamba hazikuwa tatu bali moja, inayozunguka na kurudi baada ya miaka 75 au 76 hivi. Ingerudi mwaka 1758. Halley alifariki mwaka 1742. Ili kuiona angelazimika kuishi miaka 102.

Mwaka 1758 ukafika na kukaribia kwisha, na nyota haikuonekana. Huko Ufaransa, Clairaut akisaidiwa na Lalande na Bi. Lepaute alipiga hesabu kwa miezi mingi. Waligundua kwamba sayari kubwa, Mshtarii na Zohali, zilikuwa zimeivuta kometi na kuichelewesha kwa siku 618 hivi. Kukawia kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa kosa la Halley.

Kwa mujibu wa 2 Petro 3:9, ni nini sababu ya kile ambacho watu hukiona kuwa ni kukawia kwa Bwana?

Jijini Paris, Charles Messier aliitafuta kometi hiyo kwa darubini, usiku baada ya usiku, kwa zaidi ya mwaka mzima. Alifuata ramani aliyochorewa na mkuu wake, na ramani ile ilikuwa na kosa. Nyota ilikuwa njiani kweli, lakini yeye alielekezwa mahali ambapo haikuwapo. Aliyeiona kwanza alikuwa mkulima, Johann Georg Palitzsch, karibu na Dresden, Ujerumani, usiku wa 25 Desemba 1758. Messier aliipata 21 Januari 1759.

Waadventista wanaielewa hali ya Messier. Waliotazama juu tarehe 22 Oktoba 1844 hawakukosea hesabu ya siku, walikosea tukio. Walimngoja Yesu duniani, kumbe Kuhani Mkuu alikuwa anaanza sehemu ya mwisho ya huduma yake katika patakatifu pa mbinguni (Danieli 8:14, Waebrania 8:1, 2). Uchungu wao ulikuwa mkubwa, na wengi hawakutazama juu tena. Wachache waliifungua Biblia upya wakaikagua ramani yao.

Hata hivyo, kometi ya Halley ina ratiba. Ilionekana mwaka 1986 na inatazamiwa mwaka 2061. Kurudi kwa Yesu hakuna mwanadamu aliyepewa ratiba yake, na hapo nyota nyingine inafaa zaidi kuwa mfano. Inaitwa T Coronae Borealis, katika kundi la Taji ya Kaskazini, ambalo hata Afrika Mashariki huonekana upande wa kaskazini jioni za Juni na Julai. Kwa kawaida nyota hiyo ni hafifu, haionekani bila darubini. Lakini mwaka 1866, na tena mwaka 1946, ililipuka ghafula ikaonekana kwa macho matupu kwa siku chache, kisha ikafifia. Mlipuko wa namna hiyo huitwa nova, yaani mpya.

Wataalamu waliona dalili zinazofanana na zile zilizotangulia mlipuko wa 1946, na baadhi yao wakasema huenda ingelipuka mwaka 2024. Mwaka huo ukapita bila mlipuko. Hawakufunga darubini zao. Wengi, wakiwamo watu wa kawaida wasio na taaluma hiyo, waliendelea kuikagua kila usiku anga lilipokuwa safi. Nuru ya nyota hiyo husafiri miaka ipatayo 3,000 kabla ya kutufikia. Kwa hiyo mlipuko wanaoungoja ulikwisha kutokea zamani. Wanachongoja ni nuru yake kufika.

Katika darasa lako huenda yupo aliyewahi kuamini tarehe fulani iliyotangazwa, ikapita, naye sasa hataki kusikia habari za dalili (Mathayo 24:6–14). Utamwambia nini Sabato hii?