Mhusika Wako Asiwe Malaika!

Bila shaka umeshaona maigizo ya klabu ya afya. Msichana ni mwema mwanzo hadi mwisho. Mwanaume anayemrubuni anaingia na miwani myeusi, anacheka vibaya, na kila mtu anajua huyu ni mbaya. Watu wanapiga makofi, wanarudi darasani. Lakini mrubuni wa kweli hana sura ile. Anatabasamu, anakuita mdogo wangu, na mvua ikinyesha ana lifti ya bure. Utamtambuaje?

Leo tujifunze kuunda wahusika wenye mizani, kwa igizo linalochezwa mezani. Michezo ya namna hii ilianza kuenea baada ya Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani kutoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Kule kila mhusika ana sifa sita. Sisi tutatumia nne.

Mnahitaji watu wanne hadi sita, karatasi, kalamu na dadu moja. Mmoja awe msimulizi.

1. Gawa pointi 12 kwa ujasiri, akili, huruma na usemi. Kila sifa ipate angalau 1, isizidi 5.

2. Andika jema moja na kasoro moja ya mhusika wako.

3. Likija jambo gumu, rusha dadu, jumlisha na sifa inayohusika. Ukipata 7 au zaidi, umefaulu. Mwenye sifa ya 1 ana nafasi 1 kati ya 6. Mwenye 5 ana nafasi 5 kati ya 6.

Unataka 5 kila mahali? Pointi hazitoshi! Ukiongeza huku, unapunguza kule. Hata binadamu ndivyo alivyo.

Tuseme mnacheza hapa Vihingo. Mwanahawa yuko kidato cha pili: akili 5, huruma 4, usemi 2, ujasiri 1. Jema: hasahau rafiki. Kasoro: anaona haya kumkatalia aliyemsaidia. Side ni dereva wa bodaboda: usemi 5, huruma 3, ujasiri 3, akili 1. Jema: humpeleka bibi yake kliniki bila kuchoka. Kasoro: anaamini kila msaada una malipo.

Side amempa Mwanahawa lifti wiki nzima. Ijumaa mvua inanyesha.

"Mdogo wangu, tupitie geto kwangu mara moja."

"Kaka Side, nyumbani wananisubiri."

"Dakika tano tu. Si nimekusaidia wiki nzima?"

Darasa zima litapiga kelele: "Kataa!" Haya, rusha dadu. Imetoka 3. Ongeza ujasiri 1, ni 4. Ameshindwa kukataa. Msimulizi asifunge mchezo hapo. Aulize: Mwanahawa ana nini kingine? Ana akili 5. Anaweza kuomba kushuka dukani penye watu. Ana rafiki mwenye ujasiri 5, basi warudi wote nyumbani. Tena angeweza kumwambia mama tangu Jumatatu.

Umeona? Woga wa Mwanahawa si dhambi, na kosa si lake. Wema wa Side kwa bibi yake haufuti anachotaka kufanya. Lifti si deni. Tangu mwaka 2016, sheria ya elimu Tanzania inasema anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka 30.

Zoezi: Muunde Side upya. Abaki na kasoro ileile, lakini huruma iwe 5 na usemi 2. Je, ni rahisi zaidi kumkataa au ni vigumu? Kisha kila mmoja, kimya kimya, ajigawie pointi zake mwenyewe. Ile yenye 1, nani atakusaidia?

Angalizo: msiigize kisa cha kweli cha mwenzenu. Na kama mchezo umegusa jambo lililokupata, mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.