JUA KATIBA YAKO: Sheria Ikikuambia Usubiri, Je, Haki Yako Imevunjwa?

Mkazi wa Dundori anayetaka kufunga ndoa ya kiserikali ni lazima atoe ilani ya siku zisizopungua 21. Mjane anayetaka shamba la marehemu mumewe ligawiwe warithi huambiwa asubiri miezi sita. Wote wawili wanadai haki zilizo ndani ya Katiba ya mwaka 2010: haki ya ndoa (Kifungu cha 45) na haki ya kumiliki mali (Kifungu cha 40). Je, kusubirishwa ni kunyimwa haki?

Kipimo cha Katiba

Jibu limo katika Kifungu cha 24. Haki inaweza kuwekewa mpaka, lakini kwa sheria tu, na mpaka huo uwe wa busara na unaoweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia. Kwa hiyo, kila unapoambiwa usubiri, uliza:

1. Ni sheria gani inayosema hivyo?
2. Muda huu unamlinda nani, na kutokana na nini?
3. Je, hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo?

Mwananchi si lazima athibitishe kwamba mpaka huo ni mbaya. Anayeutetea, mara nyingi Serikali, ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba unafaa.

Tupime mifano mitatu

Siku 21 za ndoa. Ilani humpa nafasi mtu mwenye pingamizi: labda bwana harusi tayari ana mke wa ndoa ya kiserikali, au bibi harusi hajafika miaka 18. Muda ni mfupi, na lengo lake linaonekana wazi.

Miezi sita ya mirathi. Ombi la kusimamia mali ya marehemu hutangazwa, na watu hupewa siku zisizopungua 30 kuleta pingamizi. Hati ikishatolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya mahakama kuithibitisha ili ardhi igawanywe. Kusubiri huku kunamlinda mtoto aliye mbali, mke wa pili au anayemdai marehemu. Tena mlango haukufungwa kabisa: penye sababu ya kutosha, mahakama inaweza kufupisha muda huo.

Miaka mitatu ya talaka. Kifungu cha 66(1) cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 kiliwazuia waliofunga ndoa ya kiserikali kuomba talaka kabla ya miaka mitatu kuisha. Waliofunga ndoa ya Kikristo au ya kimila hawakuwekewa kizuizi hicho. Mke anayepigwa mwezi wa pili wa ndoa angesubiri sawa na wengine wote. Wakili mmoja alikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Tofauti iko wapi? Katika mifano miwili ya kwanza, muda unatumika kumsikiliza mtu ambaye angeumia tukiharakisha. Katika wa tatu, muda wenyewe ndio uliokuwa ukiumiza.

Ufanye nini?

Ofisa akikwambia "ngoja", muulize kwa heshima ni kifungu gani cha sheria kinachotaja muda huo, na uandike tarehe ulipowasilisha ombi lako. Kusubiri kunakotokana na faili kupotea au ofisa kutokuwapo si mpaka wa kisheria.

Ukiamini kwamba sheria yenyewe inakuonea, Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda mahakamani, na hutatozwa ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za Katiba. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Subira ni njema ikiwa na sababu. Sababu hiyo una haki ya kuijua.