Chaji inakatika usiku

Swali: Nissan Leaf yangu, mtumba wa Japani, naichaji kwenye soketi ya nyumbani hapa Nairobi. Inaanza vizuri, lakini asubuhi naikuta imeishia nusu. Je, betri imekufa?

Jibu: Sidhani. Betri iliyochoka hufupisha safari. Ni nadra kukatiza chaji. Shuku soketi kwanza. Plagi ya pini tatu ni ya ampea 13, na gari huvuta takriban 10 kwa saa nyingi mfululizo. Skrubu ikilegea, waya hupata moto, na kebo nyingi hujizima. Baada ya saa moja iguse plagi: ikiunguza, zima swichi, mwite fundi umeme. Ekstensheni usithubutu kuitumia! Ikiwa plagi haina joto, kagua taima ya kuchaji garini. Huenda bado inafuata saa za Japani, zilizotangulia zetu kwa saa 6.