Daftari Moja, Wasomaji Wengi

Muhula huu nataka kuwaeleza jambo moja la kompyuta ambalo nusura limdhulumu mwenzetu. Kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Katika chama chetu cha kompyuta nalipewa kazi ya kutengeneza programu ya kuweka alama za mtihani za wanafunzi 640. Siku moja mwalimu wa hesabu alitaka kujua matokeo yangekuwaje kama swali moja la alama 5 lingefutwa. Basi nikaipa orodha jina la pili, nikapunguza alama humo. Nalidhani nina orodha mbili. Kumbe katika lugha ya Python, kuipa orodha jina la pili si kuinakili. Majina yote mawili huelekeza mahali pale pale katika kumbukumbu ya kompyuta. Mwenzetu aliyepata 42 akaonekana na 37, na barua ya kushindwa ikaandikwa kwa baba yake. Bahati njema, mwalimu alilinganisha kwanza na karatasi za mtihani.

Kwa hofu, nikaamuru orodha nzima inakiliwe kila inapotumiwa. Ripoti 640, kila moja na nakala yake ya mistari 640, ni mistari 409,600, na karibu yote ilikuwa ya kusomwa tu! Kompyuta yetu kuukuu ikawa inakokota.

Dawa iko katikati: wote wasome daftari moja, na nakala ifanywe wakati wa kuandika tu. Nalijifunza hayo katika lugha ya Rust, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2015. Humo mna kielekezi kiitwacho Rc. Kielekezi ni kama anwani: si nyumba, bali huonyesha nyumba ilipo. Hiki kina akili zaidi, kwa kuwa huweka hesabu ya vielekezi vyote vinavyoonyesha kitu kile kile.

Anayetaka kuandika hutumia amri ya make_mut, nayo hutazama hesabu ile. Ikiwa mnaoshika ni wawili au zaidi, hukufanyia nakala yako kwanza, na wenzako hubaki na ile ya asili. Ikiwa umebaki peke yako, huandika pale pale bila kunakili.

Lakini angalieni. Ukisahihisha alama iliyokosewa kweli, wenye orodha ya zamani hawataona sahihisho lako. Kwa hiyo njia hii yafaa kwa majaribio, wala haifai kwa habari ambayo lazima wote waione pamoja. Kabla ya kuandika, jiulize: badiliko hili ni langu, au ni letu sote?

Sasa jaribuni zoezi hili. Ali, Juma na Rehema wanashika orodha moja kwa Rc, kila mtu na kielekezi chake. Juma anaandika mara 2, kisha Rehema mara 1, mwisho Ali mara 1. Nakala ngapi zitafanywa?

Jibu ni 2. Juma hunakili mara ya kwanza tu, na Rehema hunakili kwa sababu Ali bado yupo. Ali amebaki peke yake, hana haja ya nakala. Asiyeelewa na aje chamani, tutalifanya pamoja ubaoni.