Mwanafunzi Akija Kumpima Mtoto

Mzazi wa Gatsata, siku ya kupima watoto mtaani unaweza kumkuta mshauri wa afya, yule tunayemwita umujyanama w'ubuzima, ana mwanafunzi pembeni anayejifunza kazi. Mkabidhi mtoto bila hofu, ila usiende mbali. Yafaa na wewe ujue kinachofanyika.

Mizani ya kuning'iniza hufungwa mahali pasipoyumba. Suruali ya kupimia hutundikwa tupu kwanza, mshale ukarudishwa kwenye sifuri, ndipo mtoto avalishwe. Hatua hii husahaulika kirahisi, na hasara yake ni kubwa. Suruali ya gramu 300 isipoondolewa kwenye hesabu, mtoto wa miezi 9 ambaye hakuongezeka chochote ataonekana amekua kama wenzake. Baba anayefanya kazi kwenye gereji zetu analijua hili: kipimo kisichoanzia sifuri kinadanganya.

Mvue mtoto nguo nzito na nepi iliyolowa. Akilia na kurusha miguu, mwanafunzi asubiri mshale utulie, ausome macho yakiwa usawa wake, kisha atamke namba kwa sauti na mwenzake airudie kabla ya kuiandika. Kilo 7.4 isiandikwe 7.

Urefu nao upimwe. Aliye chini ya miaka 2 hupimwa amelala ubaoni, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja kichwani, mwingine magotini. Urefu ndio unaofichua udumavu, na utafiti wa kitaifa wa 2019–20 uliwakuta nao watoto 33 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Rwanda. Wengi wao huonekana wazima tu machoni petu.

Sasa kadi ya ukuaji, ambako kila uzito huwekwa kama nukta. Nukta moja haisemi mengi. Angalia mstari unaoziunganisha nukta hizo. Mtoto mwembamba ambaye mstari wake unapanda kila mwezi anaendelea vizuri kuliko mnene ambaye wake umelala miezi miwili. (Kichanga kupungua kidogo wiki ya kwanza ni kawaida, afikapo wiki mbili awe amerudia uzito wa kuzaliwa.)

Mstari ukilala, mwanafunzi aulize kwa upole: ameharisha? Amekohoa? Kama mama amerudi kwenye kazi yake sokoni, mtoto ananyonya mara ngapi? Asimseme mama mbele za watu, kwani aliyeaibishwa mwezi huu hatarudi mwezi ujao. Baada ya miezi 6, juu ya maziwa ya mama, uji mzito, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa na yai husaidia sana. Mapishi yake yanafundishwa kwenye igikoni cy'umudugudu, yaani jiko la kijiji.

Mwisho ni utepe wa kupima mzunguko wa mkono, kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.