Kuusikiliza Moyo wa Mtoto Tumboni

Mtoto aliye tumboni hewa ikimpungukia hawezi kulia. Moyo wake ndio unaosema. Basi mkunga wa kijiji cha pwani kama Mucojo, wilayani Macomia nchini Msumbiji, atausikiaje bila kumchoma mama hata sindano?

Tuanze na sauti. Vali za moyo zikifunga, hutoa mtikisiko. Mtikisiko huo hupita vizuri katika maji ya uzazi na nyama ya tumbo, lakini ukifika kwenye ngozi sehemu kubwa hurudi ndani, kwa kuwa hewa ni nyepesi mno kuupokea. Kwa hiyo mkunga huweka tumboni mdomo mpana wa pembe ya mbao, na sikio lake upande wa pili. Pembe hii ilitokana na Mfaransa Adolphe Pinard, mwaka 1895. Haihitaji umeme, na pwani iliyopigwa na kimbunga Kenneth Aprili 2019 inajua thamani ya kitu cha namna hiyo.

Njia ya pili ni mwangwi. Simama ufukweni boti ya mashine ikipita: mlio hupanda ikikujia, hushuka ikienda zake. Christian Doppler wa Austria alieleza kanuni hiyo mwaka 1842. Kifaa hupeleka tumboni sauti kali isiyosikika kwa sikio. Ukuta wa moyo, ukija na kurudi, huirudisha imebadilika. Kimoja cha vifaa hivyo, kilichojaribiwa katika hospitali za Haydom na Muhimbili nchini Tanzania, kimepewa jina la Kiswahili: Moyo.

Njia ya tatu ni umeme mdogo unaotangulia kila pigo. Vibandiko vya tumboni huunasa, ila umeme wa moyo wa mama huufunika, hivyo lazima utenganishwe kwanza. Mkunga mwenye pembe naye hutenganisha: hushika kifundo cha mkono wa mama, ahakikishe pigo analolisikia si la mama.

Kisha huhesabu dakika nzima, mara uchungu unapoachia. Uterasi ikikaza hubana mishipa ya damu, na oksijeni ya mtoto hupungua. Mtoto mwenye nguvu hurudi kwenye mapigo 110 hadi 160. Yakibaki chini, amechoka. Hospitali ikiwa mbali, dakika hiyo ndiyo inayomwambia mkunga kwamba safari ianze sasa, mtoto akiwa bado na nguvu ya kuimaliza.