Kabla Hujatuma Pesa ya Chakula cha Vifaranga, Ijue Kolini

Ndugu yangu uliyeko Ras al Jinz, riyali unazotuma nyumbani kufugia kuku wa nyama zinaweza kupotelea kwenye chakula. Katika wiki 3 za mwanzo, kifaranga anahitaji kolini kama miligramu 1,300 kwa kila kilo ya chakula. Mahindi yana kama nusu tu ya hiyo. Mashudu ya soya yana mara 2 hivi.

Kolini ikipungua, kuku anadumaa, kifundo cha mguu kinavimba, mguu unapinda. Ukano ukishateguka, hakuna dawa ya kuurudisha. Upungufu wa manganizi nao huleta hali hiyo hiyo.

Basi mwambie anayechanganya chakula: asipunguze soya, wala asiruke premiksi yenye kolini na manganizi. Kabla hujatuma, omba picha ya lebo.